Polima ya Kumi na Tisa Ilikuwa Yangu

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Embu, Mkuu wa Maabara hakuniuliza nimesomea nini. Alinitazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa, akanipeleka kwenye sinki iliyojaa vyombo vya kioo, akasema, "Karimi, hapa tunaanza na kuosha. Ukivunja, andika. Ukiosha vibaya, rudia." Cheti changu cha kemia kilikuwa ndani ya mkoba, nimekifunga kwa plastiki kisilowe. Hakukitazama siku hiyo, wala mwaka huo.

Siwaelezi haya ili mnionee huruma. Kuosha ni kazi yenye maana. Chombo chenye utelezi kidogo tu wa sabuni kinaharibu jaribio la wiki nzima, na aliyeoshea wenzake kwa miaka anajua kwa kugusa kioo kama kiko safi. Lakini nilikuwa mkemia. Nimestaafu sasa, niko nyumbani Kanyakine, na watu wa kanisani wananiambia hasira haimfai mama wa umri wangu. Nawasikia. Ninyi mnaoingia maabara leo ndio ninaotaka mnisikie mimi.

Kwanza niwaeleze kazi yenyewe. Kila seli ya kiumbe hai imefunikwa na utando, yaani ngozi nyembamba mno ya mafuta. Ndani ya mafuta hayo zimepandwa protini. Nyingine ni malango, nyingine ni pampu, nyingine zinapokea habari kutoka nje. Dawa nyingi na chanjo nyingi zinalenga protini hizo. Ukitaka kujua moja ina umbo gani, lazima uitoe pale ilipo, na hapo ndipo taabu inapoanzia, kwa sababu imezoea kukaa kwenye mafuta. Ukiitia kwenye maji matupu inajikunja ovyo na kuganda.

Wakati wetu tulizitoa kwa sabuni. Si ile ya kufulia, ni sabuni za maabara zinazopimwa kwa matone. Sabuni inayeyusha utando, protini inatoka, lakini inatoka uchi. Mafuta iliyoishi nayo yamekwenda. Asubuhi mchanganyiko unang'aa, saa sita mchana una ukungu, jioni unakuta makapi chini ya chupa. Niliziona zikifa hivyo miaka mingi. Mkuu wa Maabara alikuwa akisema, "Hii ni protini mbaya, tafuteni nyingine." Nilijua si mbaya. Sisi ndio tuliokuwa tunaiua. Nilisema hivyo mara moja kwenye mkutano wa Jumatatu, akaniuliza kama chupa za Ijumaa zimekauka.

Nikahamishiwa Meru. Kulikuwa na kituo kidogo cha utafiti, mwendo mfupi kutoka Kinoru, na mradi mpya ulikuwa umeanzishwa juu ya kupe. Aliyeuongoza alikuwa na cheo cha Mtafiti Mkuu. Alikuwa amesoma ng'ambo, anaongea polepole, na siku ya kwanza aliomba kuona vyeti vya kila mtu. Aliposoma changu aliinua uso. "Wewe ni mkemia. Nani alikuweka kwenye sinki?"

Nawaambia ukweli, nilimpenda bosi huyo. Ndiyo sababu yaliyofuata yananiuma zaidi ya yale ya Embu.

Mradi ulikuwa hivi. Tumbo la kupe lina protini fulani kwenye utando wa seli zake. Ng'ombe akichanjwa kwa kitu kinachofanana na protini hiyo, damu yake inajifunza kuipiga. Kupe akija kunyonya, ananyonya pamoja na silaha ya kumharibu tumbo. Mfugaji hahitaji kumwaga dawa kila wiki, dawa ambazo kupe wengi walishaanza kuzizoea. Ili chanjo iwe nzuri, tulitakiwa kuiona protini hiyo ikiwa na umbo lake kamili.

Kupe tuliwatoa Kianjai, kwenye boma la mjane mmoja aliyeitwa Mama Nkirote. Tulimshika ng'ombe, nikachomoa kupe mmoja mmoja kwa kibano na kuwatia kwenye chupa yenye pamba. Mama Nkirote alisimama karibu, mikono kiunoni.

"Daktari, hawa mnawapeleka wapi?"

"Mimi si daktari, mama. Ni fundi wa maabara."

"Haya, fundi. Mnawapeleka wapi?"

Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi. Wiki iliyotangulia alikuwa amepoteza mtamba kwa ndigana, ugonjwa ambao kupe ndio wanaoueneza. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

"Sasa mkishajua, mrudi mniambie," alisema. "Watu wa ofisi wakichukua kitu hapa, huwa hatuwaoni tena."

Nikamwahidi.

Mtafiti Mkuu alikuwa amerudi kutoka ng'ambo na kichupa cha unga mweupe. Ulikuwa polima. Polima ni mnyororo mrefu wa molekuli ndogo zilizoshikana, kama shanga kwenye uzi. Mnyororo huu ulikuwa na shanga za aina mbili, moja inapenda mafuta, nyingine inapenda maji. Ukiutia kwenye utando, shanga zinazopenda mafuta zinazama ndani, na mnyororo unazunguka kipande kidogo cha utando na kukichomoa chote, protini pamoja na mafuta yake. Ni kama mpishi anayebonyeza mdomo wa glasi kwenye unga uliosukumwa, akatoa kiduara. Protini inatoka na kitanda chake. Haihisi hata kama imehama.

Nilipouona unga huo ukifanya kazi kwenye seli za chachu, nilikaa chini. Miaka yote ile ya makapi chini ya chupa!

Kwenye kupe, hata hivyo, ulikataa. Protini yetu ilihitaji kalsiamu ili ishike umbo lake. Ukiinyima inalegea. Lakini polima ile haivumilii kalsiamu. Kalsiamu inashika mnyororo huu na ule na kuifunga pamoja, kitu kizima kinakatika kama maziwa yaliyotiwa ndimu. Tulijaribu hadi kichupa kikaisha, na kuagiza kingine kulichukua miezi.

"Tutarudi kwa sabuni," Mtafiti Mkuu alisema.

"Usirudi kwa sabuni," nikamwambia. "Niruhusu nitengeneze polima yetu hapahapa, inayoweza kukaa na kalsiamu."

"Karimi, utaweza?"

"Ndiyo kemia niliyosomea."

Akaniruhusu. Hilo nalisema kwa haki.

Kutengeneza polima si kama kupika ugali, ingawa wapo wanaodhani hivyo. Unachukua stirini, kimiminika chenye harufu ya plastiki mpya, na maleiki, ambayo ni chembe nyeupe zinazochoma pua. Unaziyeyusha pamoja kwenye flaski, unapitisha gesi ya naitrojeni kufukuza hewa, kwa sababu oksijeni ikiingia mnyororo unakatika mapema. Unatia kichochezi kidogo, unapasha moto wa kadiri kwenye jiko la umeme, na unakaa hapo. Huondoki. Moto ukizidi, minyororo inakuwa mifupi na haishiki kitu. Ukipungua, inakuwa mirefu kupita kiasi na haikati utando.

Polima ya saba ilinigandia kwenye flaski ikawa gundi, nikaivunja flaski kwa nyundo. Ya kumi na mbili ilikata utando vizuri sana, lakini tone la kwanza la kalsiamu likaifanya nyeupe. Hapo nikaacha kubadilisha vipimo, nikaanza kufikiri juu ya chaji. Mnyororo wetu ulikuwa na chaji hasi tupu, na kalsiamu ina chaji chanya. Lazima zivutane. Je, nikipachika kwenye kila shanga ya maji kijitawi chenye chaji chanya, ili hasi na chanya zikae pamoja kwenye mnyororo mmoja, kalsiamu itashika wapi? Nilichora hayo kwenye daftari langu la maabara, nikatia tarehe na sahihi, nikaanza upya. Nilihitaji majaribio mengine kabla kijitawi kukubali kushika vizuri.

Polima ya kumi na tisa niliitia kwenye utando wa matumbo ya kupe asubuhi, mchanganyiko ukawa safi. Nikatia kalsiamu. Ukabaki safi. Nikaenda kunywa chai, nikarudi, bado safi. Nikamwita Mtafiti Mkuu. Aliishika chupa akaielekeza dirishani, akaigeuza mara mbili.

"Karimi, umefanya nini hapa?"

"Kila kitu kiko kwenye daftari."

Sampuli ilipelekwa ng'ambo, mahali penye hadubini kubwa ya elektroni. Picha iliporudi, tuliiona protini ya kupe imesimama wima, imezungukwa na pete ya mafuta yake. Tulipiga makofi kama watoto. Nilidhani nimefika.

Makala yalipochapishwa niliyasoma nikiwa nimesimama mlangoni. Majina ya waandishi yalikuwa mstari mzima. Alikuwemo mtu aliyetuazima friji. Langu halikuwemo. Nikaenda kwenye shukrani, mwisho kabisa, nikakuta maneno "mafundi wa kituo". Nikarudi kwenye sehemu ya jinsi kazi ilivyofanywa, na hapo damu ikanipanda kweli, kwa sababu polima iliyoandikwa pale ilikuwa ile ya kichupa cha ng'ambo. Alikuwa amenakili kutoka ripoti yake ya zamani bila kufungua daftari langu.

Nikamwendea ofisini. "Daktari, polima iliyoandikwa hapa siyo tuliyotumia."

"Hayo ni mambo madogo, Karimi. Polima ni polima."

"Na jina langu?"

Alivua miwani akaipangusa. "Mafundi hatuwaweki kwenye makala. Ni utaratibu wa kituo. Mimi sikuuweka."

"Wewe ndiye uliyeniuliza nani aliniweka kwenye sinki."

Alivaa miwani, akarudi kwenye karatasi zake. Nilimwandikia barua, haikujibiwa. Nami nikafanya jambo ambalo sijajisamehe hadi leo. Nikanyamaza. Nilikuwa na watoto shuleni na niliogopa kazi yangu. Nikavaa koti langu jeupe, nikarudi mezani, nikaendelea kumtengenezea polima.

Haukupita mwaka mzima, ikaja barua. Maabara nyingine mbili zilikuwa zimejaribu kurudia kazi yetu kama ilivyoandikwa, na kila mara mchanganyiko unakatika. Walitaka kujua kama matokeo yetu ni ya kweli. Kituo kikaunda kamati. Na Mtafiti Mkuu, mtu niliyemheshimu, aliiandikia kamati hiyo kwamba huenda fundi alichanganya kemikali vibaya.

Niliitwa. Nilikuta meza ndefu, na Mwenyekiti, mama mwenye mvi na sauti kavu, akanionyesha kiti. Mtafiti Mkuu alikaa pembeni akitazama karatasi zake.

"Madam Karimi," Mwenyekiti alisema, "inasemekana ulikosea vipimo. Unasemaje?"

"Ninaomba dakika kumi na chupa mbili."

Nilikuwa nimekuja na vifaa vyangu kwenye kikapu cha sokoni. Nikaziweka chupa mbili mbele yao, zote safi kama maji. "Hii ina polima iliyoandikwa kwenye makala. Hii ina polima ya kumi na tisa, niliyoitengeneza mimi. Hiki ni kiasi cha kalsiamu ambacho protini ya kupe inahitaji." Nikatia matone kwenye ya kwanza. Ikawa nyeupe hapohapo, vipande vikaanza kuzama. Nikatia matone yaleyale kwenye ya pili. Haikubadilika. Nikaisukuma hadi mbele ya Mwenyekiti, aweze kusoma herufi za karatasi yake kupitia kioo. Kisha nikafungua daftari kwenye ukurasa wenye mchoro, tarehe na sahihi.

Mwenyekiti alisoma kimya. Akageuza kurasa, moja baada ya nyingine, hadi ya mwisho. "Kwa hiyo aliyekosea siye fundi," alisema.

Mtafiti Mkuu alianza kusema kitu kuhusu shughuli nyingi za ofisi. Nilikuwa nimeshasimama. Nilimwambia, mbele yao wote, "Ulikuwa radhi niitwe mwongo ili wewe usifungue daftari. Daftari lilikuwa hatua tano kutoka mlango wako."

Kamati ilipendekeza makala yasahihishwe na jina langu liongezwe. Makala yalisahihishwa. Polima ya kumi na tisa ikaelezwa vizuri, hatua kwa hatua, karibu kwa maneno yangu mwenyewe, na wale wa ng'ambo wakaweza kurudia kazi. Jina langu halikuongezwa. Baadaye niliambiwa pendekezo si amri. Kabla ya mwaka kwisha nikapewa barua ya uhamisho kurudi Embu, kusimamia ghala la kemikali. Yeye akapandishwa cheo, akawa Mkurugenzi.

Kabla ya kuondoka Meru nilikwenda Kianjai na ile picha. Mama Nkirote alikuwa akikata majani ya ng'ombe. Aliifuta mikono kwenye leso, akaishika picha kwa ncha za vidole.

"Hii ndiyo tumbo ya kupe?"

"Ni kitu kimoja kidogo kwenye tumbo lake. Hakionekani kwa macho."

"Na chanjo?"

"Bado, mama. Itachukua miaka, na sijui kama watamaliza."

Alitikisa kichwa polepole. "Haya. Angalau umekuja." Kisha akasogeza karatasi karibu na macho, akaanza kusoma majina yaliyochapwa chini ya picha. Alisoma yote. "Wewe uko wapi hapa?"

"Simo."

"Hauko namna gani? Si ni wewe ulipiga magoti hapa kwa matope ukitoa kupe? Hawa wengine mimi sijawaona." Akawa mkali, akanirudishia karatasi kama kitu kichafu. "Hata ng'ombe yangu iko na jina."

Nililia njiani. Hasira yake ilinisaidia kuliko maneno yote ya pole niliyopewa kituoni.

Miaka ya mwisho niliimaliza ghalani. Nilipokea chupa, nikabandika lebo, nikafunga mlango. Siku ya kuniaga, Mkurugenzi alikuja mwenyewe kutoka Meru. Palikuwa na keki na soda. Alisema nilikuwa mtu wa bidii, mama wa wote, na akamalizia, "Madam Karimi alikuwa mikono yetu."

Nikapewa nafasi ya kusema. Nilikuwa nimejiandaa kushukuru. Badala yake nikasema, "Mikono haikubuni polima ya kumi na tisa. Aliyeibuni alikuwa na kichwa, na kichwa hicho kina jina." Nikaketi. Mtu mmoja alikohoa. Wasichana wawili wa maabara, ambao sikuwajua vizuri, walipiga makofi peke yao kwa muda mrefu, mpaka Mkurugenzi akatazama saa.

Nikiwa hapa nyumbani najiuliza kwa nini nilinyamaza mwanzoni. Wakubwa wetu walitufundisha kwamba anayefikiri ni yule wa ofisini na anayeshika flaski ni mtumishi, nasi tukalikubali jambo hilo, tukawarithisha waliotufuata. Nina hasira na Mkuu wa Maabara, nina hasira zaidi na Mtafiti Mkuu, na kiasi kikubwa nimejiwekea mwenyewe. Kazi nilifanya vizuri. Kuitetea nilichelewa.

Mwezi uliopita alikuja hapa mmoja wa wale wasichana waliopiga makofi. Anaitwa Kawira, sasa yuko kituo cha Meru, na anatengeneza polima mpya kwa ajili ya vimelea vya ndigana vyenyewe. Flaski zake zilikuwa zinatoka na rangi ya manjano.

"Hewa inaingia," nilimwambia. "Badilisha mpira wa kizibo, halafu pitisha naitrojeni muda mrefu zaidi kabla ya kuwasha."

Aliandika. Alinionyesha mchoro wake, kijitawi kipya ambacho mimi singekifikiria. Kilikuwa kizuri, na nilimwambia hivyo. Kisha nikamuuliza, "Jina lako litakaa wapi kwenye makala?"

Akainamisha uso. "Mkurugenzi amesema nitakuwa kwenye shukrani."

Nilisimama, nikaenda hadi mlangoni, nikarudi. "Kawira, ukifika kazini, zima jiko. Usipashe flaski hata moja mpaka ajibu kwa maandishi."

"Madam, mkataba wangu unaisha mwaka huu. Wakinifukuza je?"

"Wanaweza. Sitakudanganya. Lakini mimi nilinyamaza nikiogopa hivyohivyo, na umeona nilikopelekwa."

Chai yake ikapoa. Halafu akaomba karatasi. Tuliiandika barua pamoja, maneno mengi yakiwa yake. Akaeleza mchoro ni wa nani na uliandikwa lini. Akaweka sahihi, nami nikaweka yangu chini kama shahidi.

Jumatatu mchana alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa juu, anaongea haraka. Mkurugenzi alikuwa amemwita, akaisoma barua mbele yake, akaisoma tena, akasema atafikiria.

"Na wewe ukamjibu nini?" nikamuuliza.

"Nimemwambia afikirie tu. Mimi nimezima jiko."